Mfupa au plastiki kwa kipande cha kubebea nyuzi za gitaa

Kipande chembamba kinachobeba nyuzi kwenye daraja (kibao kilicho juu ya kasha, nyuzi zinaposhikiliwa) la magitaa ya bei nafuu huwa cha plastiki, ingawa Dodoma, mkoa wa wafugaji, mfupa wa paja la ng'ombe hupatikana buchani. Plastiki huchongeka upesi, lakini ni laini, na nyuzi za chuma huichimba mapema. Mfupa ni mgumu zaidi na, kwa sikio langu, sauti yake ni angavu. Hata hivyo unadai subira, kwa kuwa lazima uondolewe mafuta, ukauke kabisa, kisha usuguliwe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka upande wa chini unyooke, huku fundi akivaa barakoa kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Kwa vyote viwili, kushusha nyuzi milimita 1 kwenye freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) kunahitaji kupunguza kimo cha kipande hicho takriban milimita 2.