Nilibeba taulo bure: siku yangu kwenye pango la maji moto la Banff

Niseme mapema ili usimalize nafasi ya begi: Cave and Basin, pale Banff nchini Kanada, hakuogwi. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshafika mlangoni na taulo yangu kwapani. Kosa ni langu. Nilisoma juujuu habari za chemchemi za maji moto za Banff, nikaona picha ya watu wamezama hadi shingoni huku theluji inawaangukia vichwani, sikusoma zaidi. Kumbe ile picha ni ya Upper Hot Springs, chemchemi nyingine iliyo juu zaidi kwenye mlima uleule. Kule kwetu karibu na Moshi kuna Chemka, ambayo haichemki hata kidogo, na huku kuna maji ya moto ambayo huruhusiwi kuchovya kidole. Majina ya chemchemi nimekoma kuyaamini.

Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu anayeishi Calgary, na mwanawe wa miaka minane. Kutoka Calgary ni kama kilomita 130, barabara safi, milima inakujia taratibu mpaka inaziba mbingu. Ilikuwa Februari, nyuzi 18 chini ya sifuri. Upande wa malipo, jua kwamba unalipa kuingia Hifadhi ya Taifa ya Banff, halafu pango lina tiketi yake. Dada ana kadi ya mwaka ya Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa, inayofunika vyote viwili, kwa hiyo sikutoa kitu. Na kama unakwenda majira ya baridi, angalia kwanza siku wanazofungua, maana si siku zote za wiki.

Haya, pango lenyewe. Unaingia kwa njia fupi iliyotobolewa kwenye mwamba, kuta zinatoka jasho, na kwa kila hatua joto linakupanda usoni. Miwani yangu iliingia ukungu papo hapo. Nikasimama pale kipofu, nasikia tu maji yanachuruzika mahali fulani mbele yangu, na ndipo mpwa wangu akauliza kwa Kiswahili fasaha kuliko nilivyowahi kumsikia: "Mjomba, umejamba?" Mwangwi ukamjibu. Nashukuru Mungu wageni wengine mle ndani hawakuwa Waswahili.

Ni harufu ya mayai viza, wala si utani. Mlima unaitwa Sulphur Mountain, yaani Mlima Kiberiti, na jina hilo walau linasema kweli. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya kwenye nyufa za miamba, ikazama chini karibu kilomita 3, ikapata moto wa ardhi, ikayeyusha madini njiani, kisha ikasukumwa kurudi juu kupitia ufa mkubwa wa mwamba. Ikifika hapa bado ina nyuzi thelathini na ushee, na imebeba gesi ya salfa ndani yake. Pua yangu ilizoea baada ya dakika kama tano. Ya mpwa wangu haikuzoea.

Taulo ilipata kazi hapo hapo: kufutia miwani. Nilipoivaa tena nikaliona bwawa. Si kubwa. Kama umeshatembelea Amboni, pale Tanga, usitegemee vyumba na vichochoro. Hiki ni chumba kimoja cha mviringo, chini kuna maji ya rangi kati ya buluu na kijani, na juu kabisa kuna tundu dogo linaloingiza mwanga. Ule mwanga unashuka kama kamba kupita kwenye mvuke mpaka juu ya maji. Wengi waliingia, wakapiga picha mbili, wakatoka. Mimi nilikaa pale nikilitazama tundu, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kwamba zamani hilo ndilo lilikuwa mlango.

Mwaka 1883 vibarua watatu wa reli, Frank McCabe na ndugu wawili William na Tom McCardell, waliona mvuke unafuka ubavuni mwa mlima. Wakalikuta tundu, wakateremsha gogo la mti, wakashuka nalo ndani ya giza lenye harufu ile. Hebu fikiria: hujui chini kuna nini, hujui kina cha maji, na kila pumzi inanuka kama jehanamu. Mimi nisingeshuka. Wao walishuka, na walipotoka walichokiona ni pesa. Wakaweka uzio, wakitumaini kumilikishwa. Wadai wakawa wengi, ugomvi ukakua, na Novemba 1885 serikali ikaukata mzizi kwa kutenga kilomita za mraba 26 kuzunguka chemchemi ziwe mali ya umma. Kutoka kipande hicho ndipo ilipozaliwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, ambayo leo ina kilomita za mraba 6,641. Yaani kwa sehemu uzio wa watu watatu ndio uliosababisha yote haya.

Neno "kugundua" lakini lilinikaa vibaya. Watu wa Stoney Nakoda na jamaa zao wengine wa asili waliyajua maji haya tangu enzi na enzi, wakiyaendea kwa tiba na kwa ibada. Maonyesho ya ndani yanalisema hilo, tena kwa heshima, ila wale vibarua watatu ndio mgeni anaoondoka nao kichwani. Sisi tuliokulia kwenye nchi ambazo maziwa na milima yake "iligunduliwa" na wageni, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Nje, hatua chache tu, kuna Basin, bwawa la wazi lenye maji ya kijani yaliyotulia. Hapa ndipo nilipopapenda kuliko pango. Inama ukingoni, mikono mfukoni, utazame taratibu pale maji yanapogusa mawe. Kuna utando laini wa mwani na bakteria, na juu yake vidoa vyeusi. Mwanzo nilidhani ni uchafu. Kidoa kimoja kikasogea. Ni konokono wa Banff, mdogo kuliko punje ya hindi, ganda lake limejisokota kuelekea kushoto badala ya kulia kama konokono wengi, na hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye chemchemi chache za mlima huu. Mpwa wangu aliyekuwa akilalamika tangu mlangoni akanyamaza. Akahesabu kumi na moja. Akarudia kuhesabu, akapata tisa, tukaanza mabishano ya kama wawili wamezama au walikuwa vijiwe.

Hao ndio sababu taulo yangu ilirudi kavu, ukiacha ule ukungu wa miwani. Mafuta ya ngozi, losheni, hata mkono unaokoroga tu, vinaharibu ule utando wanamokula na kutaga mayai. Ukiingiza mkono, faini yake ni maelfu ya dola. Zamani watu waliogelea hapa bila wasiwasi: pale pembeni lilijengwa bwawa kubwa la kuogelea mwaka 1914, likafungwa miaka ya 1970, likafufuliwa 1985 kwa sherehe ya miaka mia ya hifadhi, kisha likafungwa moja kwa moja. Dada alisema wangeliacha hilo moja watu waoge. Sikumpinga, kwa sababu miguu yangu nayo ilikuwa inaganda.

Msiondoke bila kuingia kwenye jengo dogo la pembeni linaloeleza kambi ya wafungwa ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni rahisi kulipita, sisi wenyewe tulilipita tukarudi. Kati ya 1915 na 1917 Kanada iliwafungia hapa wahamiaji, wengi wao Waukraine, kwa kuwa tu walitoka kwenye himaya ya Austria na Hungaria iliyokuwa adui. Kiangazi walikaa kwenye mahema chini ya Castle Mountain, baridi ikizidi wakahamishiwa hapa, na kazi yao ilikuwa kujenga barabara na kufyeka msitu wa hifadhi ambayo watalii wangekuja kuifurahia. Kutoka kwenye joto la pango hadi kwenye picha za wale wanaume ndani ya theluji ni mwendo wa dakika moja. Dada alisoma kila bango, na tulipotoka hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye njia ya mbao.

Hiyo njia ya mbao inapita juu ya kinamasi chini ya chemchemi, na haina papara. Maji ya moto yanayotiririka kutoka juu yanakifanya kisigande hata baridi ile, kwa hiyo unaona majani mabichi na mvuke katikati ya theluji. Kuna hata samaki wa mapambo humo, vizazi vya wale ambao watu waliwamwaga kutoka kwenye matangi ya nyumbani.

Ningempa nani pendekezo hili? Mwenye kupenda historia na vijidudu, nyota nne kati ya tano bila kusita, na saa moja na nusu inamtosha. Anayetaka kulowa apande moja kwa moja Upper Hot Springs, kule maji ni kati ya nyuzi 37 na 40 na taulo ina maana. Nyota moja nimeikata kwa sababu chumba cha pango ni kidogo na kikijaa watu kumi unaona migongo tu, kwa hiyo wahi asubuhi.

Na koti la sufu acheni garini. Langu lilifyonza ile harufu yote. Hatujafika mbali, mpwa wangu akateremsha kioo cha dirisha, nyuzi 18 chini ya sifuri, akasema yeye bora agande.