Sound Blaster Live! katika kompyuta kongwe ya mezani: kadi njema yenye mipangilio migumu

Sound Blaster Live!, kadi ya sauti iliyotolewa na kampuni ya Creative mwaka 1998, bado hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyokwisha kutumika, na mtu mwenye kompyuta ya mezani ya miaka hiyo au ya mwongo uliofuata anayo sababu ya kuifikiria. Nimeitumia kwenye mashine inayoendeshwa na Linux, na maoni yangu ni kwamba maunzi yake yangali bora kuliko sauti ya ndani ya kompyuta nyingi za wakati wake, lakini kadi hii haimpi mtu chochote mpaka ajue ni swichi gani kati ya makumi yaliyopo katika mipangilio yake inapaswa kuwashwa na ni ipi inapaswa kuzimwa.

Ubora wake huonekana zaidi ukilinganishwa na kile inachokuja kukibadilisha. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na sauti ya AC'97, kiwango kilichowekwa na Intel mwaka 1997, ambacho kiliacha sehemu kubwa ya kazi ya sauti ifanywe na prosesa kuu, huku sakiti ndogo ya kugeuza sauti ikibandikwa kwenye ubao mama, jirani na njia za umeme zenye kelele. Ndiyo maana kwenye mashine kadhaa za aina hiyo mtu akivaa hedifoni husikia mikwaruzo kila anaposogeza kipanya au diski inaposomwa. Live! ina chipu yake yenyewe, EMU10K1, inayoweza kuchanganya sauti za programu nyingi bila kuisumbua prosesa, na sehemu yake ya analogi iko kwenye kadi iliyo mbali kidogo na vurugu hizo. Kwa upande mwingine, kama mashine yako ina HD Audio, kiwango kilichofuata mwaka 2004, na spika zako hazivumi, basi huna haja ya kadi hii.

Tahadhari ya kwanza inahusu ununuzi wenyewe, kwa sababu jina moja limebeba kadi zisizofanana. Ile iitwayo Live! 24-bit inatumia chipu ya CA0106 na draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi, ni nyingine kabisa, na zile zilizofungwa ndani ya kompyuta za Dell zikiwa na namba SB0200 zina EMU10K1X, chipu iliyopunguzwa ambayo haichanganyi sauti kwa maunzi. Zote hutoa sauti, lakini karibu kila kinachosifiwa katika makala haya hakimo ndani yake. Soma maandishi yaliyo juu ya chipu, usitegemee picha ya boksi.

Kuichomeka ni rahisi. Inataka sloti ya PCI ya zamani, si PCI Express, na ni vyema iwe sloti iliyo mbali na kadi ya picha. Kabla ya kuanzisha mfumo wa uendeshaji, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, uzime sauti yake ya ndani. Ukiiacha ikiwa hai, mfumo huweza kuihesabu kuwa kadi ya kwanza na kuipelekea sauti yote, nawe ukabaki unailaumu Live!. Mfumo ukishaanza, amri ya aplay -l kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, itakuonyesha kadi zote na mpangilio wake. Kwenye mabodi yenye chipu ya VIA 686B, ambayo ilijulikana kuharibu data pale kadi hii ilipopitisha data nyingi kwenye njia ya PCI, hakikisha kwanza BIOS imesasishwa. Waya mwembamba wa pini nne unaotoka kwenye kisomaji cha CD hauhitajiki tena, kwa kuwa programu za kuchezea muziki husoma CD kwa njia ya dijitali. Jambo linalokera zaidi ni matundu ya mbele ya kasha: waya wake umetengenezwa kwa ajili ya ubao mama, na Live! haina mahali pa kuupokea, kwa hiyo hedifoni itabidi zichomekwe nyuma.

Sasa tufike kwenye mipangilio, ambako ndiko watu wengi hukata tamaa. Draiva ya snd-emu10k1 ni sehemu ya ALSA, mfumo wa sauti ulioingizwa katika kerneli, yaani kiini, ya Linux tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003, na kwa kawaida huitambua kadi bila kuombwa. Ukifungua alsamixer, programu ya kurekebisha vidhibiti vya kadi, kwenye terminali utakutana na safu ndefu ya vidhibiti inayozidi upana wa skrini. Herufi MM chini ya kidhibiti maana yake kimenyamazishwa, na kitufe cha M hukifungua. Master, PCM na Wave vyote vinapaswa kuwa wazi, kwa kuwa sauti huvipitia na kimoja tu kikifungwa spika hunyamaza. Lakini iko swichi moja, mwisho kabisa wa safu, yenye maneno Analog/Digital Output Jack, ambayo hufanya kinyume cha matarajio: ikiwashwa, kadi huelekeza sauti kwenye njia ya dijitali na spika za kawaida hazitoi sauti, kwa hiyo wenye spika za analogi wanapaswa kuiacha imenyamazishwa. Sijui nani aliona inafaa kuificha swichi yenye nguvu kiasi hicho mahali pasipotazamwa, lakini ndiyo inayofanya kadi nyingi nzima zionekane mbovu. Spika za nyuma nazo hutegemea Wave Surround, na vidhibiti vya besi na trebo visipandishwe pamoja na Wave ikiwa juu kabisa, maana sauti huanza kupasuka. Ukimaliza, amri ya alsactl store huhifadhi kila kitu ili kisipotee ukizima mashine.

Kuhusu ubora wa sauti yenyewe, ipo kasoro ya asili. EMU10K1 hufanya kazi yake yote kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, ilhali CD za muziki zilirekodiwa kwa sampuli 44,100, kwa hiyo muziki huo hugeuzwa kabla ya kufika kwenye spika. Sikio la mtu wa kawaida halitambui, ila ni afadhali ugeuzaji ufanywe na programu kuliko kadi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na PipeWire au PulseAudio, programu zinazokusanya sauti za programu nyingine na kuzipeleka kwenye kadi. PipeWire hutumia 48,000 bila kuambiwa. Kwenye PulseAudio thamani ya default-sample-rate inabidi ibadilishwe katika faili la daemon.conf. Kinachosikitisha ni kwamba programu zote hizi mbili huchanganya sauti zenyewe na kuipelekea kadi mkondo mmoja tu, kati ya mikondo 32 ambayo ALSA huweza kuifungua, hivyo uwezo uliowafanya watu waipende kadi hii zamani sasa unakaa bure. Kwenye mashine yenye prosesa dhaifu ningetumia ALSA peke yake.

Mahali ambapo kadi hii haijapata mpinzani wa karibu katika kompyuta za aina yake ni MIDI, yaani muziki unaohifadhiwa kama maagizo ya noti badala ya sauti iliyorekodiwa. Hupokea mafaili ya SoundFont, yaani mikusanyo ya sauti za ala, na kuyaweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya kudai kumbukumbu yake. Bila faili hilo MIDI huwa kimya kabisa. Ukilipakia kwa programu ya asfxload, michezo ya zamani na programu za kutunga muziki hupata ala zinazopendeza mno. Maikrofoni, kinyume chake, ni ya kuzungumzia tu. Ndani ya alsamixer, kibonyezo cha F4 hufungua upande wa kurekodi, ambako lazima uichague kwa kitufe cha nafasi, na ukiongeza nguvu ya Mic Boost mvumo hupanda pamoja na sauti.

Wanaotumia Windows wana njia nyembamba zaidi. Ndani ya Windows XP kadi huonyesha uwezo wake wote, pamoja na mwangwi wa EAX katika michezo, lakini Vista ya mwaka 2007 iliondoa njia ya maunzi ambayo DirectSound, sehemu ya Windows inayoshughulikia sauti za michezo, iliitegemea, na draiva za mradi wa kX, zilizoandikwa nje ya Creative, zinahitaji mtu mvumilivu kuliko hata alsamixer. Kwa mashine ya Linux au ya XP yenye sloti ya PCI iliyo wazi na spika za analogi, naipendekeza bila kusita. Mwenye kutaka kurekodi sauti, au asiyependa kufungua kasha, atafute kadi ya nje ya USB.