Winchi ndogo ya umeme ya 220V: mashine nzuri, ila soma kibandiko kabla hujaning'iniza kitu

Wakuu mnaojenga, naomba niongelee hizi winchi ndogo za umeme, zile zenye mota ya 220V, dramu ya waya wa chuma na rimoti ya waya inayoning'inia pembeni. Zimejaa Kariakoo siku hizi na kila muuzaji anakwambia "inabeba kilo mia nne bosi". Hii tumeitumia site kwenye nyumba ya ghorofa kupandisha tofali, mifuko ya simenti, ndoo za udongo wa kujengea na vifaa vya fundi bomba, na kiukweli mashine ni nzuri, inaondoa ile kazi ya saidia fundi kupanda ngazi na tofali kichwani ambayo inamaliza watu migongo na wengine wanaanguka kabisa. Shida yangu ni kwamba inauzwa kama feni, unapewa boksi na risiti basi, hakuna anayekwambia inavyofungwa wala inavyotumika, na hii kitu ikikosewa inaua mtu.

Tuanze na hiyo 400. Kwenye kibandiko cha hii yangu imeandikwa 200/400, mita 12/6, na spidi mita 10/5 kwa dakika. Maana yake ni hivi, ukitumia waya mmoja moja kwa moja na ndoano yake, mwisho ni kilo 200, mita 12 juu. Ile 400 unaipata pale tu unapopitisha waya kwenye kapi linalokuja ndani ya boksi, halafu ndoano ya mwisho unairudisha kwenye tundu lake kwenye bodi ya mashine, hapo mzigo unabebwa na waya mbili, urefu unabaki mita 6 na spidi inakuwa nusu. Sasa aliyeniuzia hakusema hilo, na naamini wengi hawaambiwi. Mifuko minne ya simenti ni kilo 200 tayari, umefika mwisho kabla hujaweka hata ubao wa kubebea. Tofali la nchi sita lisilo na tundu linacheza kwenye kilo 30, kwa hiyo matano tunaweka, sita hatuweki, maana mzigo ukishtuka wakati unaanza kunyanyuka waya unavutwa zaidi ya uzito wenyewe.

Hapo hapo kwenye kibandiko kuna maandishi madogo hakuna anayeyaangalia: S3 20% 10min. Hiyo inasema ndani ya kila dakika 10 mota ifanye kazi dakika 2 tu, 8 ipumzike ipoe. Piga hesabu mwenyewe, kupandisha mita 4 na kushusha mita 4 kwa waya mmoja ni mita 8, yani sekunde 48 hivi, kwa hiyo ni safari mbili kwa dakika 10. Kwa waya mbili ni safari moja tu. Kwa kujenga ukuta inatosha kabisa, tofali kumi kwa dakika 10 fundi mmoja hazimalizi. Ila kama unataka kumwaga slabu na hii mashine nakuomba usijaribu, zege halisubiri mota ipoe, kodi winchi kubwa ya dizeli siku hiyo. Mota ikishikika moto mkononi acha, haijalishi fundi anapiga kelele kiasi gani.

Kufunga ndo kwenye hatari kubwa kuliko zote. Zile brakti mbili zinazokuja nayo zimetengenezwa kukaa kwenye skwea paipu, sio kwenye mrunda, na sio kwenye bomba la duara ambalo mashine inaweza kuzunguka nalo. Nimeona site moja wametoa bomba nje ya ukingo wa slabu halafu nyuma wamekandamiza na tofali zilizopangwa tu, aisee, saidia fundi akikosa tofali anachukua la juu pale na hakuna atakayejua. Sisi tulichomelea fremu, ikafungwa kwa bolti zilizopita slabu nzima na sahani ya chuma chini, nati na wosha ya springi, na kila asubuhi mtu anapita na spana kuangalia maana mtetemo unalegeza. Kabla ya kazi unanyanyua mzigo sentimita 20 hivi kutoka chini, unauacha unaning'inia dakika moja, unaangalia fremu kama inapinda na breki kama inashika. Ukishuka wenyewe hata kidogo, kazi imeisha mpaka breki irekebishwe.

Kuhusu waya. Mashine ikiwa mpya waya umejikunja ovyo kwenye dramu, ushushe karibu wote halafu uuvute tena ukiwa na mzigo mdogo ili ulale vizuri mstari kwa mstari. Usiumalize wote, zunguko 3 zibaki kwenye dramu siku zote. Hii sio mbwembwe, ukiumaliza na ukaendelea kubonyeza chini na swichi ya kikomo haijakata, dramu inaanza kuvuta waya kwa upande wa pili, yani unabonyeza chini mzigo unapanda, na kile kimkono cha kusimamisha mzigo ukifika juu hakifanyi kazi tena. Vaa glovu za ngozi, pitisha kitambaa kwenye waya, kikinasa ujue kuna nyuzi zimekatika. Waya wenye kifundo, uliobanjuka au ulioliwa na kutu unatupwa. Kwa wa Kigamboni, Tanga na Mombasa chumvi inakula waya haraka sana, ufute, upake grisi, na mashine ifunikwe turubai usiku.

Matumizi yenyewe ni nidhamu. Anayeshika rimoti ni mmoja na anayempa amri ni mmoja, ila neno stopu anaruhusiwa kusema yeyote hata mama lishe akipita. Chini tulizungushia utepe, na mzigo una kamba ya kuongozea ili usizunguke na kugonga ukuta. Usivute mzigo kwa pembeni, uwe wima chini ya dramu. Kile kibati cha springi kinachofunga mdomo wa ndoano kikivunjika badilisha siku hiyo hiyo. Na hakuna mtu kupanda, hata kama ni mwembamba, hata kama ni ghorofa ya kwanza tu. Kuna mashine za kupandisha watu kwenye kamba, wanatumia mafundi wa minara, ni vifaa vingine kabisa na mtu anakuwa na kamba ya pili ya kumuokoa. Hii hapa ina waya mmoja tu.

Umeme, tumia ekstensheni ya waya mnene, sisi tuliweka wa milimita za mraba 2.5, ikunjue yote maana ikiwa imeviringwa inachemka, na ethi iwepo. Umeme ukikatika tofali zikiwa hewani breki inashika, lakini usimwache mtu asogee chini, achia rimoti, bonyeza kile kitufe chekundu na subiri.

Mota ikivuma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka, fundi umeme anabadilisha ila mashine ichomolewe kwanza na mzigo uwe chini. Kabla ya kulipa dukani waulize kama wanauza waya wa spea wenye ndoano yake na kama wana kapasita, wakisema hawana sogea duka la jirani, mashine ni zile zile.