Stethoskopu ya gereji: kifaa kidogo kinachozuia injini kufunguliwa bure

Inafanana na ya daktari, ila mahali pa kile kisahani cha kifuani pana kikopo chenye utando na fimbo nyembamba ya chuma. Haitumii betri. Unagusisha ncha kwenye chuma cha injini, mtetemo unapanda na fimbo, unausikia masikioni. Bisibisi ndefu hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kwenye gereji ya barabarani makelele ya nje huifunika, na inakulazimu kusogeza kichwa karibu na feni.

Kabla ya kuishika, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikipungua, tapeti (visukumio vya valvu) hulia hata kama hazina ubovu. Kisha vua feni belti na uwashe injini kwa nusu dakika tu, maana kwenye magari mengi wota pampu nayo inasimama. Kelele ikipotea, chanzo ni alternata, kompresa, wota pampu au puli. Rudisha belti, gusa kimoja kimoja.

Kelele ikibaki, anzia juu. Kwenye kava la tapeti, ubovu wa juu unasikika kama tik-tik nyepesi iliyo taratibu kuliko mzunguko wa injini, kwa sababu kamshafti, shafti ya kufungua valvu, huzunguka mara moja kila krankishafti, ile inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Kwenye injini za cheni, kama 1NZ-FE ya Toyota IST na Probox, sikiliza kava la mbele asubuhi injini ikiwa baridi: mkwaruzo wa sekunde chache unaonyamaza ni dalili ya tensheni (kikazio) ya cheni kuchoka. Pistoni iliyolegea nayo hugonga ikiwa baridi, ikatulia moto ukipanda.

Mlio mzito wa kugonga pembeni mwa sampu, bakuli la oili chini ya injini, ndio wa kuogopa. Kanyaga mafuta hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika kisha achia. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, husikika zaidi hapo. Chomoa soketi ya injekta (kipulizia mafuta) ya silinda moja baada ya nyingine. Pale mgongano unapopungua, silinda ndiyo hiyo. Zima gari. Kumwaga oili nzito kunaficha sauti tu, huku krankishafti inaendelea kuliwa mpaka injini inanoki kabisa.

Ina upungufu. Chuma husafirisha sauti mbali, na injini nzima kiafya nayo inanguruma humo masikioni mpaka unaogopa. Injekta zina tik-tik yake ya kawaida. Kwa hiyo linganisha: mahali pale pale, silinda ya kwanza hadi ya nne. Mlio unaotokea tu gari linapopanda mlima likiwa na mzigo hautaupata likiwa limesimama. Huko chunguza petroli, taimingi, masizi na joto la injini. Bati la kukinga joto la ekzosi nalo ligonge kwa ngumi injini ikiwa imepoa, stethoskopu ya nini?

Ukinunua, chagua yenye fimbo ya kufunga kwa nyuzi. Za kupachika hulegea, zikaanza kulia zenyewe. Fimbo ikitoka una faida nyingine: mpira mtupu ukiupitisha karibu na manifoldi (bomba la ekzosi linaloshikana na injini), bila kuigusa, unakamata uvujaji wa ekzosi, ambao mafundi wengi huudhania tapeti. Mpira uwe mrefu, mikono ya shati ikunjwe, na usiguse koili wala nyaya za plagi.

Kwa fundi, hiki ni cha kununua bila kusita. Mwenye gari naye akinunua, asikilize kwanza injini isiyo na ubovu ya aina ile ile.