TAHADHARI: Jamaa wa kodi asiyesaini

Ndugu zangu wa hapa Ohio, hasa sisi tuliotoka kambini na Kiingereza bado kinatupiga chenga: yule kaka wa laptopu, anayewajazia watu fomu za kodi ya mapato akikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka la vyakula vya kwetu, ameanza tena. Mwaka jana aliniingiza mjini.

Nilikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo W-2 yangu ya ghalani, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, ilionyesha dola 9,200 tu. Akaipiga picha, akachukua namba za Social Security za wanangu wawili, akasema, "Dada, kwako naona elfu saba." Ada yake 150. Dakika ishirini, kwisha. Nilipoomba kopi, akasema itakuja kwa posta.

Pesa iliyoingia ilikuwa pungufu, lakini sikuuliza. Nilijua Mungu amenikumbuka. Baadaye IRS, watu wa kodi wa serikali, wakaniandikia: tuonyeshe risiti za biashara yako. Biashara gani? Kumbe kwenye fomu nasuka nywele kwa malipo, na nimeingiza dola 8,000! Mimi sijawahi kumsuka mtu ila binti yangu, naye hulia.

Mchezo wenyewe ni huu. EITC, ile pesa anayoongezewa mfanyakazi wa kipato kidogo, kwa mwenye watoto wawili hupanda senti 40 kwa kila dola uliyoitolea jasho, mpaka kikomo. Kwa kodi ya 2024 kikomo kilikuwa dola 6,960. Haki yangu ilikuwa kama 3,680. Ule ususi wa uongo uliongeza karibu 3,000, na rejesho likagawanywa akaunti mbili. Ya pili siijui, nayo ilipokea 1,900.

Sasa tazameni chini ya ukurasa wa pili wa fomu 1040, ile fomu yenyewe ya kodi, mahali pa jina, sahihi na PTIN, namba ambayo IRS humpa anayelipwa kujaza kodi za watu. Yangu ilikuwa tupu. Kwa IRS ni kama nilijaza mwenyewe, kwa hiyo deni ni langu. Na wakiona umepuuza kanuni, wanaweza kukufungia EITC miaka 2. Wakiona ni udanganyifu, 10.

Akikuahidi pesa Januari, huo nao ni uongo. Sheria inazuia marejesho yenye EITC mpaka katikati ya Februari.

Walionisaidia ni VITA, wale wanaojaza kodi bure, Jumamosi pale maktaba. Mama mmoja wa miwani alijaza, mwingine akakagua mstari kwa mstari, na mkalimani wa Kiswahili akawa kwenye simu. Wakanitengenezea 1040-X ya kusahihisha, wakanielekeza fomu 14157 na 14157-A za kumshtaki jamaa. Hawakuchukua hata senti. Nendeni na kitambulisho, kadi za Social Security za nyumba nzima, W-2 zote na namba ya akaunti yenu. Kituo cha karibu mtaelekezwa kwa 800-906-9887.

Deni bado nalipa, dola 60 kila mwezi. Juzi nimekuta karatasi yake mlangoni pa duka: namba mpya ya simu, picha ileile ya mabunda ya dola.