Steshenari ya Mwanga inayokodisha vitabu na muvi: miezi mitatu sasa, haya ndo maoni yangu

Wana Kigoma na Ujiji, hii ni yenu kabisa. Pale Mwanga karibu na sokoni kuna steshenari moja ndogo, kibao chake kimeandikwa tu FOTOKOPI, PICHA ZA PASPOTI, MUVI, na watu wengi wanaingia kutoa kopi za cheti wanaondoka. Mi mwenyewe nimeprinti barua za kuomba kazi pale kama mwaka mzima sijui chochote. Siku moja mvua ikanikuta ndani, nimesimama nasubiri ikatike, ndo nikaona nyuma ya mashine ya laminesheni kuna shelfu la mbao limejaa riwaya. Nikamuuliza mama mwenye duka, shikamoo mama, hivi vinauzwa? Akasema marahaba, haviuzwi mwanangu, vinakodishwa, jero kwa siku, buku siku tatu, na unaacha elfu tano ya dhamana ambayo unarudishiwa ukileta kitabu kizima.

Sasa lazima nieleze kwa nini nilifurahi vile. Sisi tuko wanne, mmoja mwalimu wa msingi, mmoja anauza dagaa Kibirizi, mmoja bodaboda, na mimi. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba kila wiki kila mtu asome kitabu au aangalie muvi, Jumamosi jioni tukutane tuseme tulichoona, bila kuogopana, mtu akisema kitu kibovu aseme kibovu kwa sababu gani. Wazo tunalo, hamu tunayo, vitabu hatuna. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914 na bado leo ukitaka riwaya ya Kiswahili ambayo siyo ya mtaala wa shule unaanza kumpigia mtu Dar akutafutie, halafu akuwekee kwenye basi, halafu uende kuipokea, na hapo umeshatumia hela ya vitabu viwili kupata kimoja. Kwa hiyo kuona shelfu lile hapa hapa Mwanga, kwa jero, kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Nimehesabu, vitabu ni kama themanini hivi. Riwaya za Kiswahili ndo nyingi, za upelelezi na za mapenzi, kuna tamthiliya, kuna mashairi machache, na mstari mzima wa chini ni vitabu vya Kifaransa vilivyokuja na watu wa Burundi na Kongo. Usitegemee vitabu vipya, vingi vina umri kuliko mimi. Cha kwanza nilichochukua kilikuwa na alama ya dole gumba la mawese, rangi ile ile ya machungwa, na mistari ya kidole inaonekana kabisa, yaani kuna mtu aliwahi kula migebuka huku anasoma na hakuweza kukiweka chini hata anawe. Nilipofika ukurasa ule nikaelewa kwa nini hakukiweka chini.

Lakini kinachofanya pale pawe tofauti siyo shelfu, ni mama mwenyewe. Vitabu vyote vya Kiswahili mle ndani ameshavisoma. Ukirudisha kitabu hachukui kimya kimya, anakuuliza haya umekionaje, na ukijibu kizuri anakwambia kizuri kwa nini, na hapo foleni ya watu wa fotokopi iko nyuma yako, wewe unatafuta maneno. Mara ya kwanza nilipata shida kusema ukweli, mara ya tatu nikawa najiandaa toka nyumbani. Mwenzetu wa bodaboda, mtu ambaye tulidhani anasoma kurasa mbili analala, alimwambia mama kwamba mhusika mkuu wa riwaya fulani hakuwa jasiri, ila hakuwa na pa kurudi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Mama alizima mashine ya kopi ili amsikilize vizuri, nami nilikuwepo.

Kutokana na maswali yale ndo tukamwomba atuwekee kaunta buku pale juu ya meza, mtu akirudisha kitabu au akimaliza muvi aandike maoni yake. Akatupa la kwaya tatu bila kutudai hata mia, akalitoboa pembeni akafunga kamba ya katani na kalamu. Tulidhani tutaandika sisi wanne tu, sasa hivi linaandikwa na watu ambao hatujawahi kuonana nao. Kuna mmoja anatumia kalamu nyekundu, anaandika herufi kubwa tupu, na kila muvi yenye mauzauza haitaki, ila anaeleza kwa nini haitaki na sababu zake zina akili. Kuna binti wa sekondari aliandika ukurasa mzima kutetea muvi zinazotafsiriwa, kwamba bibi yake hajui Kiingereza wala Kihindi lakini kupitia yule anayetafsiri ameangalia muvi nyingi kuliko yeye, na anazikumbuka zaidi. Chini yake mtu akajibu kwamba mtafsiri anaongeza maneno yake, binti akarudi wiki iliyofuata akamjibu, anaongeza ndiyo, na bibi yangu anajua kaongeza wapi.

Mjadala mrefu kuliko yote ulikuwa wa Vuta N'kuvute. Mwenzetu wa dagaa aliiona filamu akiwa Dar, ile aliyoiongoza Amil Shivji, ya 2021, sisi watatu tukasoma riwaya yenyewe ya Shafi Adam Shafi ambayo ilitoka 1999 na mama anayo nakala moja, kwa hiyo tulipokezana. Yeye anasema ni hadithi ya Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee asiyempenda akaona bora akimbie, na kwenye filamu uso wa yule dada unakwambia kila kitu bila maneno. Mwalimu anasema hapana, kitovu ni Denge, yule mpenzi wa Yasmin, na siasa za kumtoa Mwingereza Zanzibar. Mimi nimeandika na bado nasimamia hapo hapo, kwamba bila Mwajuma hakuna hadithi, kwa sababu ndugu wa damu walimfungia Yasmin mlango na aliyemfungulia ni Mwajuma, mwanamke asiye na kitu, na hao wapenzi wawili wasingepata pa kuanzia. Kurasa tisa za kaunta buku zimeenda hapo na bado watu wanaongeza.

Nikija kwenye muvi sasa, hapa siwezi kusifia. Unapeleka flashi, kijana wa mama anakuwekea, muvi moja jero na sizoni nzima buku mbili. Flashi yangu ya kwanza ilirudi na virusi, mafaili yote yakageuka shotikati, nikapoteza na CV yangu iliyokuwa humo, nikaiandika upya usiku kucha. Nilirudi nikamwambia kijana, akasema ni flashi yangu, mama akamkatalia mbele yangu akanirudishia hela na kompyuta akaipeleka kusafishwa. Nashukuru, ila CV haikurudi. Chukueni flashi ya muvi tu, msichanganye na vitu vyenu vya maana.

Halafu hili la pili nalisema kwa upendo na nilishamwambia mama ana kwa ana. Zile muvi ni za kuiba. Sheria ya Hakimiliki ipo toka 1999, na waigizaji wa Bongo muvi tunaowapenda wanaumia kwa vitu hivi hivi vya flashi kwa jero. Niliuliza kama ana ile filamu ya Shivji, akasema haipo, nikajikuta nimefurahi. Kitabu kukodisha ni nakala moja iliyonunuliwa inazunguka kwa watu, sina neno. Muvi inazaliana, mtu mmoja anaichukua kesho iko kwenye simu mia. Mama alinisikiliza, akasema hela ya muvi ndo inayolipa pango la duka, vitabu havilipi. Sijapata jibu la kumpa mpaka leo, lakini sisi wanne tumeacha kuchukua muvi za Kitanzania pale, na mtu akitaka za nje anaamua mwenyewe.

Lalamiko la vitabu ninalo moja. Nilichukua riwaya ya upelelezi, siku mbili nimelala saa saba usiku, nafika mpelelezi anawaita watu wote sebuleni ataje muuaji, nageuza ukurasa, naona jalada. Kurasa za mwisho zimechanika zote! Asubuhi niko dukani kabla hajafungua, kwa kweli nilikuwa na hasira. Mama akaangalia, akaomba radhi, akasema hakukikagua kiliporudi. Halafu huku analaminetisha cheti cha mtu, akanisimulia mwisho wote kwa mdomo, nani aliua, kisu kilifichwa wapi, mpaka maneno ya mwisho ya yule mjane na alivyomtazama mpelelezi bila kulia. Watu watatu waliokuwa wanasubiri kopi walisahau kopi zao.

Sikutaka hela yangu baada ya hapo, ila nilimwambia anayefuata je? Juzi nimekiona kile kitabu shelfuni. Nyuma kuna karatasi nne za mistari zimepigwa stepla, mwandiko wa mama wa wino wa bluu, ameandika ule mwisho wote kama alivyonisimulia, na juu kabisa ameweka: "Hapa ni maneno yangu, si ya mwandishi. Mwenye nakala nzima anisaidie kurasa nitoe kopi."

Kama unayo nakala nzima, mpelekee. Anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, Jumapili mchana tu. Vuta N'kuvute kwa sasa iko kwa mwenzetu wa bodaboda, anairudisha Alhamisi.