Waksi ya gari: usiangalie kung'aa, angalia inavyofanya kwenye plastiki nyeusi

Meseji za wiki hizi zinafanana mpaka basi. Dada mmoja wa Tabata ana IST nyeusi, kaipeleka ikapigwa waksi, gari limerudi linawaka, mvua kidogo imepita na jua limetoka, bampa la nyuma chini lina mabaka meupe kama mtu kafutia chaki. Kaka mwingine wa Kimara ana RAV4 ya zamani, ile yenye plastiki nyeusi kuzunguka matairi yote, yeye kaambiwa na waliomuoshea kwamba plastiki "imezeeka" atafute nyingine. Jamani haijazeeka, hiyo ni waksi imekaukia mule ndani na anaambiwa atoe hela kwa kosa ambalo wao ndo wamelifanya.

Kwa hiyo humu sitapanga waksi kwa kung'aa. Siku ya kwanza waksi yoyote inang'aa, hata ya bei ya maandazi. Harufu sijali, kopo zuri sijali. Naangalia kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi na wanunuzi hawaulizi, yaani ikigusa plastiki nyeusi inaacha nini.

Waksi nyingi za kopo, na nyingi za maji zinazofanana na maziwa, zina unga laini sana ndani yake, kazi yake ni kusugua uchafu na rangi iliyofubaa. Kwenye bati unakauka, unafuta, unatoka, kwa sababu bati lina klia juu, ule mpako wa mwisho usio na rangi unaokinga rangi ya gari, na ni laini. Plastiki isiyopigwa rangi ina vishimo vidogo vidogo, pitisha kucha utavisikia, sasa unga unaingia humo na kuganda pamoja na waksi yenyewe, na kazi ya waksi ni kukataa maji, ndo maana unamwaga maji yanateleza tu na weupe unabaki. Ukilowesha unapotea, unafurahi, gari likikauka umerudi. Angalia pale zinapolala waipa, kitako cha saiti mira, kingo za mipira ya milango, na katikati ya herufi za TOYOTA nyuma. Herufi ndo zinaniudhi kuliko vyote kwa sababu kitambaa hakifiki, unakuta gari la gharama kubwa kila herufi imezungushiwa mstari mweupe.

Na wanachofanya waoshaji wengi ni kupaka dawa ya matairi juu yake. Inakuwa nyeusi, unalipa, unaondoka. Ile dawa ina mafuta, ukipita njia za vumbi za huko Goba au Kinyerezi vumbi lote linashika hapo, na mvua ikinyesha kweli inaondoka yote, mabaka yako yanakusubiri.

Namba moja kwangu ni Meguiar's Ultimate Liquid Wax na sitaficha, naipenda. Ni ya maji, chupa ya mililita 473, haina unga wa kusugulia, na wenyewe wameitengeneza makusudi isiache weupe kwenye plastiki. Ni sintetiki, yaani ya kutengenezwa kiwandani, haina shida ya kukaukia juani ikagoma kufutika, japo mimi bado nasema paka kivulini asubuhi au jioni bati likiwa limepoa. Unapaka nyembamba sana, yaani kama huioni ndo sawa, unafuta na kitambaa safi cha maikrofaiba, halafu unageuza upande mwingine unafuta tena. Chupa moja ukiwa na gari dogo inakaa sana. Ila tafadhali soma jina lote kwenye chupa, maana hao hao Meguiar's wana nyingine inaitwa Cleaner Wax, hiyo ina vya kusugulia ndani, na muuzaji atakwambia "ni ile ile dada, kampuni moja". Sio ile ile. Cleaner Wax ina kazi yake kwenye rangi iliyopauka, lakini ukiwa unaipiga kila mwezi kwenye gari lililotoka Japani likiwa na miaka kumi na kitu, unakula klia ambayo ilishakuwa nyembamba, na hapo bado plastiki haujazitaja.

Namba mbili, za kupuliza za Turtle Wax, hasa zile za Hybrid Solutions zenye silika. Hizi ni rahisi kwa mtu asiye na muda, unapuliza, unasambaza, unafuta, na plastiki zinaziacha salama. Nimeziweka ya pili kwa sababu ukipuliza nyingi inabaki michirizi kwenye gari jeusi na watu wetu hawajui kupuliza kidogo, wanapuliza kama dawa ya mbu.

Namba tatu Soft99 Fusso Coat ya Mjapani. Kopo la gramu 200, wenyewe wanasema inakaa miezi 12, kuna ya rangi nyepesi na ya rangi nyeusi. Kwa kudumu hii ni kali, na kwa watu wa Kigamboni au Mbezi Beach wanaopigwa na upepo wa chumvi naielewa kabisa kwa nini wanaing'ang'ania. Lakini ikigusa plastiki inaacha alama, kwa hiyo lazima uzibe kila plastiki na tepu ya karatasi ya mafundi rangi, kila moja, na ukimpa mtu akupakie hatafanya hivyo, nakuhakikishia. Fanya mwenyewe au iache.

Zile za kanauba, nta ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, zina mng'ao mzuri wa ndani ila hazidumu, ni wiki kadhaa tu, na za kopo ngumu nyingi zinaacha weupe. Za bei rahisi zisizo na jina la kueleweka, sina cha kusema, ukipaka chukua tone kwanza usugue katikati ya vidole, ukisikia chenga chenga rudisha.

Halafu usinunue waksi nzuri ukaendelea kuoshea sabuni ya unga ya nguo. Ile imetengenezwa kuondoa mafuta na waksi ni mafuta, unalipa leo unaosha kesho kutwa imekwisha. Shampuu ya gari. Na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama mitaa mingi ya Dar, usiache gari likauke lenyewe juani, lifute, la sivyo unapata madoa meupe mengine ambayo waksi haina kosa nayo.

Kwa plastiki ambayo imeshaharibika, chukua spiriti ya duka la dawa, mswaki laini na kitambaa, jaribu kwanza chini ya bampa pasipoonekana, sugua taratibu kidogo kidogo ukifuta, usiguse rangi. Itachukua mchana mzima ila inatoka.

Sasa bei. Hapa ndo nakasirika. Kariakoo chupa ile ile, mtaa ule ule, bei inategemea umeshuka kwenye gari gani na kama wewe ni mwanamke. Nimesimama dukani nimesikia kijana kapewa bei, nimeuliza mimi dakika hiyo hiyo imepanda. Ukiomba risiti ya EFD, ambayo ni haki yako, unaambiwa "ya risiti bei nyingine", maana yake nini? Halafu makopo yamepangwa dirishani juani miezi, waksi imekauka pembeni imeachana na kopo, ukiomba kufungua uone anakununia. Mimi siku hizi nikikataliwa kufungua naondoka. Na kama kuna duka limebandika bei kwenye chupa na linatoa risiti bila kuombwa, nunua hapo hata bei ikizidi ya wengine kwa elfu tano.